Tembo na Tita Moja la Miwa

Paukwa!

Pakawa!

Walioko nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogezeni vigoda. Hapo zamani za kale palikuwa na Tembo, kibarua wa mfinyanzi mmoja jina lake Mama Nakijwa. Kazi yake ilikuwa kukanyaga udongo mpaka ulainike, na ujira wake tita moja la miwa kwa siku. Walipatana hivyo wakati Mama Nakijwa akifinyanga vyungu vitatu tu kwa juma. Sasa vijiji saba vilipikia vyungu vyake. Tembo alikanyaga, akakanyaga, akakanyaga, mpaka nyayo zikamwuma, na tita likabaki lile lile.

Jioni moja mkewe akamwambia, "Baba Senkondo, mtoto ameacha kunyonya, sasa anakula. Tita moja halitutoshi. Kaseme na tajiri wako."

"Nitasema," Tembo akajibu.

Asubuhi akaenda akijifunza njiani: "Mama Nakijwa, kazi imezidi, naomba uniongezee ujira." Maneno aliyashika vizuri. Lakini alipofika uani, yule mama, ambaye hata begani hakumfikia, akainua macho.

"Unasemaje, Tembo?"

Maneno yakamrudi tumboni. "Nauliza... kama kuna maji ya kuchota."

"Yapo. Umefanya vyema kuuliza. Chukua mitungi ile."

Kuanzia siku hiyo Tembo akakanyaga udongo na kuchota maji, kwa tita moja.

Juma la pili akarudi tena, akijifunza njia nzima: "Mama Nakijwa, kazi imezidi, naomba uniongezee ujira."

"Unasemaje, Tembo?"

"Nauliza... kama kuni zipo."

"Zimekwisha. Nenda kalete."

Basi akakanyaga udongo, akachota maji, akabeba kuni, kwa tita moja.

Juma la tatu mkewe alimwonyesha mtoto kwa mkonga. Senkondo alikuwa akilamba maganda ya miwa ya jana. Tembo akaenda moja kwa moja mpaka kwa Mama Nakijwa.

"Unasemaje, Tembo?"

Akafumba macho. "Mama Nakijwa, kazi imezidi, naomba uniongezee ujira."

Akafumbua jicho moja. Mama Nakijwa alikuwa akijifuta mikono taratibu.

"Sungura ameniambia yeye atakanyaga kwa nusu tita."

Lakini maneno ya Tembo yalikwisha kutoka na hayakutaka kurudi ndani. "Basi mwite Sungura. Mimi kwa tita moja siwezi tena."

Sungura akaitwa. Akarukia udongo: tipu, tipu, tipu. Aliruka mpaka jua likawa utosini, na udongo una mabonge yake vile vile. Mwishowe akazama hadi shingoni, ikabidi Tembo amvute kwa mkonga.

"Kazi hii ina wenyewe," Sungura akasema, akashika njia ya mtoni kwenda kuoga.

Mama Nakijwa akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza, "Unataka mangapi?"

"Manne."

"Nitakupa mawili."

"Nakanyaga, nachota maji, nabeba kuni, Mama. Hizo ni kazi tatu."

Mama Nakijwa akahesabu kwa vidole vyake vyenye udongo, akaona ni kweli. "Basi matatu. Lakini mbona siku zote hizi hukusema?"

"Nilisema, Mama. Ila nilisemea tumboni."

"Tumbo lako liko mbali, mwanangu, mimi huko sisikii. Siku nyingine niletee maneno hapa nje."

Tembo akarudi kwake na matita matatu mgongoni, akitembea kama bwana harusi. Mkewe akayapokea, akayafungua, akacheka peke yake. Senkondo akatafuna muwa wa kwanza, akatema makapi, akanyoosha mkonga wake mdogo.

"Baba, naomba mwingine."

Aliomba hivyo tu, bila kutetemeka, akapewa.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, na koo limenikauka. Aliye karibu na maji, namwomba anipe.