Maziwa ya Shomvi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, na nyinyi wenye ndevu msinicheke mapema. Hapo zamani, zamani za kale hasa, baba na mama walinyonyesha wote wawili. Mama akichoka, baba hupokea. Hakuna aliyeona ajabu.

Basi alikuwepo Shomvi, na mkewe Mwanamvua, na binti yao mchanga, Zuena. Shomvi alipenda sifa huyo! Kila akienda ngomani maziwa yanamchuruzika, kanzu inalowa kifuani, naye anaona haya. Siku moja akamkuta Mbuzi jike akitafuna majani, ndevu ndefu zinamcheza.

"Bibi Mbuzi, nipe ndevu zako, nikupe maziwa yangu."

"Hutayataka tena?"

"Siyataki."

"Hata mtoto akilia?"

"Mama yake yupo."

"Hata mama yake asipokuwepo?"

"Nawe kwa maswali. Chukua."

Mbuzi akachukua maziwa, akatoa ndevu, akajibakizia kidogo tu. Shomvi akarudi nyumbani kwa maringo. Mwanamvua alizicheka zile ndevu. Habari ya maziwa hakuambiwa.

Siku ya tatu Mwanamvua akaitwa ng'ambo ya mto, shangazi yake kafariki.

"Baba Zuena, mtoto nakuachia. Jioni nitarudi."

"Nenda salama, Mama Zuena."

Huku nyuma mvua ikapiga, mto ukafurika, havuki mtu.

Zuena akalia. Shomvi akamweka kifuani, mtoto akavuta, hamna. Akamweka upande wa pili, akavuta, hamna. Akamrudisha wa kwanza; akavuta, hamna. Hapo mtoto akaachia, akamtazama babake usoni. Shomvi hajawahi kutazamwa vile na mtu.

Akambeba mbio hadi kwa Mbuzi.

"Bibi Mbuzi, chukua ndevu zako, chukua na kanzu yangu, nirudishie maziwa."

"Yameshakuwa damu yangu, Shomvi. Mlete mtoto."

Siku mbili Zuena alinyonya kwa Mbuzi, babake kapiga magoti akimshikilia.

Maji yalipopungua, Mwanamvua akaja mbio, matiti yamemjaa yanamuuma. Akamkuta mwanawe chini ya tumbo la mnyama. Akasimama, mikono kichwani.

"Baba Zuena, na maziwa yako je?"

Shomvi akafunua kanzu. Kifua kikavu, vichuchu viwili tu vimebaki. Mwanamvua akatazama, asiamini. Akatazama tena, asiamini. Akagusa kwa kidole, ndipo akaamini, akamchukua mtoto.

"Nipe nimbembeleze kidogo," Shomvi akaomba.

Akapewa. Zuena akanusa kifua cha babake, kisha akageuza kichwa kumtafuta mama. Tangu hapo wanaume wote wakarithi kifua kile kikavu; watoto wachanga hufanya hivyo mpaka leo, na baba huumia moyoni hata kama hajui sababu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Wanaume, mkifika nyumbani jitazameni vifua.