Kibanda cha Mwezi cha Fundi Mbwana

Mwezi haufuati dirisha. Methali hiyo mmeisikia leo sokoni, mkacheka bila kujua mnachekea nini. Haya, sogeeni niwape chimbuko lake, maana ilizaliwa hapa hapa Ngamiani, uani kwa Fundi Mbwana, mtengeneza saa.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa Ramadhani, Fundi aliapa ameuona mwezi. Mtaa ukapika pilau, ukala. Kumbe alichokiona ni taa ya mnara wa simu! Watu wakailipa saumu ya siku ile kwa kununa, na yeye wakambandika jina: Mzee Mnara. Likamganda kama kupe.

Akakata shauri kulifuta. Mfungo uliofuata alijenga kibanda cha kutazamia mwezi, ingawa mfukoni hakuwa na kitu. Matofali aliyatoa kwenye choo kilichobomolewa, mabati akaomba kwa shemeji yake, darubini akaiunda kwa bomba la maji na vioo vyake vya kukuzia. Bomba akalikaza dirishani kwa saruji, lisitikisike.

"Fundi, hiki ni choo au kaburi?" majirani walimuuliza.

"Ngojeni siku ya ishirini na tisa," akajibu, misumari mdomoni.

Siku ikafika. Jua lilipozama, ua ulifurika. Fundi akaingia kibandani, akafumba jicho moja. Hola. Akapangusa kioo kwa shati. Hola. Jasho likamtoka.

"Vipi, Mzee Mnara?" mtu akamchokoza.

Mara Bi Mwanshamba, jirani aliyekuwa akianua nguo, akapaza sauti. "Fundi wee! Watafuta nini huko?"

"Mwezi!"

"Mwezi si huu, juu ya kanga yangu!"

Watu wakageuka. Kweli, mwembamba kama ukucha, upande wa machweo, waonekana kwa macho matupu.

"Kwani dirisha umelielekeza wapi?" Bi Mwanshamba akauliza.

"Kibla," Fundi akajibu kwa sauti ndogo. "Jambo la dini hili. Nikaona ndiyo adabu."

"Kibla chetu kaskazini, baba! Mwezi umeambiwa unakwenda kuswali?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi akatwaa nyundo, akaanza kuligongagonga bomba lake.

"Mume wangu, toka nje utazame tu!" mkewe akamsihi.

"Nitautazama kwa darubini yangu!"

Akagonga, akavuta, akatukana saruji. Bomba lilipochomoka, akatoka nalo mbio begani. Mwezi ulikwisha kuzama zamani. Mtaa mzima uliuona, isipokuwa mwenye kibanda.

Baadaye shehe wa mtaa akaja kuandika mashahidi wa mwezi. "Na wewe Fundi, uliuona?"

Neno moja tu, "ndiyo," na jina lake lingesafika. Nani angembishia, mwezi wenyewe umekwisha kuonwa? Fundi akalitazama bomba, akawatazama majirani.

"Sikuuona, shehe. Niliungoja dirishani kwangu."

Bi Mwanshamba akamshika bega. "Maskini fundi wetu. Mwezi haufuati dirisha."

Idi ile walimletea sinia la kwanza la biriani, na aliyelileta alimwita Fundi Mbwana. Basi ukimwona mtu amejifungia na njia yake moja, anangoja dunia ije impitie hapo, mwambie taratibu: mwezi haufuati dirisha.