Mlango wa Hondohondo

Umefika kituo cha sita. Kaa kwenye gogo lililo kushotoni mwako, na kama vidude vya masikioni vinakubana vilegeze, maana haya si mafupi. Bwana misitu amekwisha kukueleza umri wa mivule na majina ya vyura. Mimi ni Bi Mazoea, mzaliwa wa hapa Kwebago. Nimeombwa niseme habari za yule ndege mwenye mdomo mkubwa, hondohondo, na kwa nini jike lake hujifungia ndani ya mti kwa matope.

Kulikuwa na enzi ambayo hondohondo alitaga mahali pa wazi, juu ya panda la mti, kama njiwa. Aliyejifungia alikuwa mwanadamu. Siku za mwanamke kujifungua zikikaribia, mama yake alimtafutia mvule wenye uwazi tumboni, akamwingiza humo, akaziba mlango kwa matope na kuacha upenyo wa kupitisha kibuyu cha uji. Humo alijifungua, na humo alikaa na mtoto mpaka kitovu kianguke. Hakuruhusiwa kutoa sauti. Walisema mama akipaza sauti mtini, mtoto atakuwa bubu. Mama yake alipofika aligonga gome kwa kijiti, na yeye akagonga kwa ndani, kuonyesha kwamba yu hai. Ishara hiyo waliijua wanawake peke yao. Mume hakuambiwa ni mti upi. Walisema wasiwasi wa mwanamume hukausha maziwa.

Shembilu alikuwa mchonga ngoma, na mkewe, Kitaza, alikuwa ameingia mtini kwa mimba yao ya kwanza. Mtoto alipotolewa mtini ilikuwa lazima apokewe kwa ngoma mpya ya baba yake. Aliyetolewa kimyakimya aliitwa mwana wa kuokotwa, na jina hilo alizeeka nalo. Shembilu alikuwa amechonga ngoma za watoto wa kijiji kizima. Ya mwanawe ilimshinda. Mti wa kwanza ulipasuka, wa pili ukawa na mchwa.

"Fundi wa watu, kwako kimya," mtani wake Mhina alimwambia. "Au shemeji amekukimbia, amekwenda kuolewa na mti?"

"Aolewe tu," Shembilu alijibu. "Mti haumlii uji wake."

Alicheka, lakini jioni ile alimfuata mama mkwe wake kisimani. "Mama, sitaki kumwona. Niambie tu ni upande gani wa msitu."

"Baba, hata mume wangu hakuambiwa," yule mama alisema kwa upole. "Chonga ngoma. Siku hazijaisha."

Basi akachonga kama alivyofundishwa. Wachonga ngoma hawachagui mti kwa macho. Hugonga shina kwa kisigino cha shoka na kusikiliza. Mti mzima hujibu kwa ufupi, wenye uwazi hujibu kwa kuvuta sauti. Na marehemu baba yake alimwachia neno moja ambalo hakupata kulihakikisha maishani: kwamba uko mti mmoja unaotamani kuwa ngoma, na huo, ukigongwa, hugonga wenyewe.

Asubuhi ya nne ya kutafuta mti alifika kwenye mvule mkubwa uliofunikwa na mitambaa, ile mimea inayotambaa juu ya miti. Aligonga. Mti ukavuta sauti, ukanyamaza, kisha ukagonga.

Shembilu aliinua shoka tena. Akagonga mara mbili, ukamjibu mara mbili. Akagonga polepole, ukamjibu polepole. Walijibizana hivyo kwa kitambo, naye machozi yalimtoka kwa furaha, akimkumbuka baba yake. Upande wa pili wa shina, chini ya mitambaa, palikuwa na matope makavu na upenyo wa kiganja kimoja. Hakuzunguka. Kwa nini azunguke?

Akaanza kukata, huku akiimba kwa sauti kuu wimbo wa kuutuliza mti. Humo ndani mtoto alikuwa na siku mbili. Kitaza hakupiga kelele, kwa kuwa alitaka mwanawe aje kusema. Aligonga tu, kwa ngumi, kisha kwa kibuyu, kwa haraka zaidi na zaidi, na kila alipozidi, Shembilu alidhani mti una hamu, akazidisha shoka.

Mvule ulipolala, matope yalipasuka. Akakiona kibuyu kwanza. Alikuwa amekichora mwenyewe.

Mama mkwe alifika na uji wa adhuhuri. Hakumlaani. Aliketi chini, akasema, "Wewe ulikata. Mimi nilificha." Kisha wakaibeba miili yao, mama na mwana, kwa kanga moja.

Mti ule ulikuwa umeanguka pamoja na kiota cha hondohondo, na makinda yake yakafa. Shembilu, ambaye baada ya mazishi alirudi msituni akakaa huko, alimwona yule jike akishuka na kudonoa matope ya mlango uliovunjika. Aliyabeba hadi kwenye mti mwingine wenye uwazi, akaingia, akajizibia. Dume lilikaa nje likitazama, na upenyo ulipobaki mwembamba, likaanza kuleta matunda.

Mhina alimkuta hapo baada ya majuma mengi, amekonda, macho juu. "Ndugu yangu, twende nyumbani. Unatazama nini?"

"Huyu," Shembilu alisema, akimwonyesha lile dume, "ameonyeshwa mlango."

Hakusema lingine, wala hakuishi kuona mvua za vuli.

Na tangu siku hiyo wanawake wa Kwebago hujifungulia nyumbani, na mume hukaa mlangoni. Hatukati mti wenye uwazi, na ndani ya msitu huu ngoma haipigwi. Hondohondo jike hujifungia, na dume humlisha kupitia upenyo. Ukilisikia likipiga kelele juu yako, usilirushie jiwe. Mti alimojifungia jike ni huo au mwingine, wewe hujui, nami sijui. Likifa hilo, yuko anayengoja chakula gizani, na hakuna mwingine aliyeonyeshwa mahali alipo.