Kwa Nini Farasi Mfupi Anaishia Getini

Sasa sikilizeni, maana nyie mkienda kule kwa farasi wafupi Jumamosi mnajaza simu mapicha, halafu mnarudi na ujinga wenu uleule. Zamani hakukuwa na farasi mfupi. Hata mmoja. Farasi wote wa ule mgongo wa mlima walikuwa warefu, na aliyewapita wote alikuwa Mlingoti, dume kijana. Ukitaka kumkuna shingo unapanda kwanza juu ya jiwe.

Siku ya mapumziko watu walikuwa wanapanda kuwatembelea, kama sasa, ila bila kiingilio. Unakaa kwenye majani, farasi anakunusa, mnapiga stori, maana enzi hizo walikuwa wanaongea. Jua likiinama unaaga, na farasi mmoja anakusindikiza. Walikuwa wanapeana zamu. Na kusindikiza kuna sheria yake, hata bibi yako anaijua: mwenyeji hageuki mwenyewe. Mgeni ndiye anasema, "Haya, rudi sasa, umefika mbali." Asiposema, mwenyeji anatembea tu. Kugeuka bila kuambiwa ni kama kumfukuza mtu. Wageni wote walikuwa wanalisema hilo neno pale kwenye kijito cha chini ya malisho, mambo yanaisha.

Basi kulikuwa na jamaa anaitwa Seuri, mchonga mizinga ya nyuki, anakaa peke yake huko chini bondeni, mwendo wa siku tatu. Mkewe alishakufa, watoto kila mtu alishashika njia yake. Kutwa ni yeye na tezo lake, ko, ko, ko. Zilipita wiki hajasikia sauti ya mtu, hata ya kumtukana. Siku moja akaamua kupanda.

Akafika, akakaa na farasi, akacheka mpaka mbavu zikamuuma, maana zilikuwa zimesahau kazi hiyo. Jua likaenda. Zamu ikawa ya Mlingoti. Mama yake akamvuta pembeni.

"Mwanangu, yale mawingu unayaona? Mvua ikianza tunahamia ng'ambo ya mlima, na kundi halimsubiri mtu. Fika kijitoni, urudi."

"Mama, kijito si hapo tu? Narudi hata hamjamaliza kutafuna."

Wenzake wakamtania. "Jamani, mti unatembea! Mgeni, ukichoka pumzika kwenye kivuli chake!"

Wakafika kijitoni. Seuri akafungua mdomo, neno likafika kwenye meno. Halafu akakumbuka mlango wake, giza la ndani, kitanda kimoja. Akasema, "Hivi unajua nyuki wanavyochagua mzinga?"

Mlingoti akasema hajui. Wakavuka wakiongea.

Ng'ambo ya kijito kuna yale mawe meusi ya mlimani, yanakwaruza kama msasa. Kila hatua yakawa yanakula kwato. Kwato zilipoisha yakaanza kula miguu. Damu haikutoka. Miguu ilikuwa inapungua tu, kama sabuni. Siku ya kwanza Seuri alikuwa anaongea naye akiangalia juu. Siku ya pili akiangalia mbele. Siku ya tatu akajikuta anaangalia chini, akaona, akaendelea kutembea. Kila jioni alijiambia atasema kesho. Na Mlingoti akasikia ngurumo nyuma yake, akajua ni mvua ya mama yake. Akageuza masikio. Miguu hakuigeuza.

Walipofika, Seuri akafungua mlango. Mlango wenyewe mfupi, hata yeye huinama. Mlingoti akapita wima, masikio hayakugusa popote.

Hapo ndipo Seuri akakaa chini akashika kichwa. "Rudi," akasema. "Rudi sasa, umefika mbali."

"Mbona umechelewa hivyo, mjomba?"

"Nilikuwa naiogopa nyumba."

Mlingoti akaitazama ile nyumba. Kikombe kimoja. Kigoda kimoja. Akasema, "Ungesema tu. Ungelala kwetu."

Seuri akainuka. Akabandua maganda ya mti, akamfunga miguu ili mawe yasimle tena, akamwacha aende. Safari ya siku tatu ikamchukua siku tisa, mvua inamnyeshea njia nzima. Kufika juu, akakuta majani yamelala na mavi yamepoa. Kundi limeshahama. Akaita mama, akaita tena, mlima ukamrudishia sauti yake mwenyewe.

Alikuwa amebaki jike mmoja tu, Nasieku, mguu mbovu, hakuweza kuhama. Akamtazama yule mfupi aliyelowa. "We mbuzi wa nani?"

"Ni mimi. Mlingoti."

Nasieku akacheka, mpaka akaona mwenzake hacheki. Akasogea, wakasimama ubavu kwa ubavu kwenye mvua. Watoto wao walizaliwa wafupi, na wajukuu wafupi. Wale warefu hawakupita tena upande ule. Mama yake Mlingoti, mpaka leo hakuna anayejua aliishia wapi.

Mvua ilipokatika Seuri akapanda tena, mgongoni kabeba magogo aliyotaka kuchongea mizinga. Hakuongea sana. Akatengeneza geti, upande wa huku wa kijito, kabla mawe hayajaanza. Akalala hukohuko siku mbili, maana safari hii aliomba. Alipoaga, Mlingoti akamsindikiza mpaka kwenye yale magogo, na Seuri akasema neno lote, mapema, kwa sauti. Akashuka peke yake.

Na tangu siku hiyo farasi mfupi anakusindikiza mpaka getini, hapiti hata likiwa wazi. Kuongea waliacha, eti maneno ndiyo yaliyowavusha kijito. Anakuegemezea kichwa kwenye mbavu, anasimama, anangoja. Watu wa mjini hawajui. Wanapiga picha ya mwisho, wanapanda gari, wanapiga honi. Yeye anabaki palepale, mkia kwa wenzake, uso barabarani, na Jumatatu anakutwa bado amelowa umande.

Kwa hiyo ukienda, sema. Najua ilivyo ngumu, mimi mwenyewe nilisimama pale mpaka dereva akanitukana. Hata kama kwako kuna kikombe kimoja, mshike masikio umwambie: rudi sasa, umefika mbali. Halafu utembee, usigeuke, mpaka usikie kwato zake zinaondoka.