Afande na Nyasi za Kitalu

"Manyoya si blanketi."

Bibi Enelika aliyasema hayo bila kuinua macho kutoka kwenye viazi alivyokuwa akimenya. Wajukuu zake wawili, Lutengano na dada yake Subira, waliokuja Makete kwa likizo ya mwezi wa saba, wakatazamana. Lutengano alikuwa ameulizwa tu kwa nini hajampelekea babu yake koti kule kitaluni. Naye, huku akizidi kulisogelea jiko, akajibu kwamba Babu hahitaji koti, kwani si amezaliwa kwenye baridi hii hii?

"Manyoya ya nani tena, Bibi?" aliuliza Subira.

"Ya Afande. Methali hiyo imezaliwa hapa hapa uani, na aliyeisababisha ni huyo babu yenu. Sikilizeni ilivyoanza."

Afande alikuwa mbwa wa rangi nyekundu, sikio moja limelala, manyoya mazito shingoni. Babu Yeremia, wakati huo bado kijana wa nguvu, alimpa jina hilo kwa sababu tangu udogo wake alikaa mlangoni kama aliyepangiwa zamu. Kila asubuhi Yeremia akitoka nje alimpigia saluti. "Afande, lindo salama?" Mbwa naye alipiga mkia chini mara mbili. Yeremia alimpenda mbwa yule kupita kiasi. Kipande cha mwisho cha nyama kilikuwa cha Afande, hata kama Enelika alikuwa bado anakitazama.

Ila kulala ndani, hapana. Wazee wa huko walisema mbwa akizoea moto husahau kubweka, na Yeremia alilishika neno hilo kama amri ya kumi na moja. Kipupwe kilipokaribia, mkewe alimwambia amtafutie mbwa japo gunia. Yeremia akacheka.

"Mama Neema, huyu Mungu mwenyewe amemvisha. Koti gani tena zaidi ya lile?"

Mwaka ule alikuwa ameotesha miche ya parachichi kwa mara ya kwanza. Parachichi na jalidi havipatani kabisa: umande ukiganda mara moja tu, majani yanakuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Kwa hiyo kila jioni Yeremia aliifunika miche kwa nyasi kavu, taratibu, huku akiisemesha kama watoto wanaolazwa. Afande alikaa pembeni akitazama namna inavyofunikwa.

Asubuhi ya tatu Yeremia alikuta nyasi zimebonyea katikati ya kitalu na miche minne imevunjika. Kwenye kishimo kile palibaki manyoya mekundu. Siku hiyo hakupiga saluti. Alikata miiba, akakizungushia kitalu chote, akaziba hata upenyo wa kupita kuku.

Jioni yake walinyeshewa na manyunyu wakitoka bondeni, mtu na mbwa wake, wakafika nyumbani wamelowa chepechepe. Yeremia alibadili shati, akaketi kuota moto. Afande akachungulia mlango wa jikoni.

"Lindoni," Yeremia akamwambia, na mbwa akageuka akaenda.

Usiku mvua ilikatika, mbingu zikawa nyeupe bila wingu, na jalidi ikaanguka. Kulipopambazuka uwanja mzima ulikuwa umeganda. Yeremia alikimbilia kwanza kitaluni, akainua nyasi, akakuta miche yote hai. Akageuka amejaa furaha, mkono kwenye paji la uso.

"Afande, lindo salama?"

Mkia haukupigwa. Mbwa alikuwa amejikunja mlangoni, pua chini ya mkia, manyoya yamegandamana kwa barafu. Hata kutetemeka alikuwa ameacha.

"Mama Neema! Mama Neema, njoo!"

Alimbeba mbio kuelekea motoni. Enelika akamzuia kwa mikono miwili.

"Usimweke motoni, Baba Neema! Utamuunguza naye hana habari. Tumkaushe kwanza."

Akamfuta kwa kanga, masikio, tumbo, mpaka katikati ya vidole. Yeremia akafungua shati, akamkumbatia kifuani, na Enelika akawafunika wote wawili kwa blanketi la kitandani. Hapo Yeremia alilia, wala hakujificha.

"Si ana manyoya? Si ana manyoya yote haya?"

"Manyoya si blanketi," alisema Enelika. "Tena yakilowa, ndiyo yanamuua. Miche haijawahi kukubwekea hata mwizi mmoja, umeifunika nyasi. Huyu kazifuata nyasi hizo hizo, ukamzibia kwa miiba."

Yeremia alizidi kumkumbatia mbwa. Alikaa vile vile mpaka jua likaingia mlangoni, miguu imekufa ganzi, akiomba kimoyomoyo. Kisha akasikia kitu kinamgonga ubavuni, kidogo sana. Kikatulia. Kikagonga tena, mara ya pili.

Mchana ule ule alijenga kibanda, sakafu imeinuliwa shibiri moja kutoka ardhini, mlango mdogo upande usiopigwa na upepo, ndani nyasi kavu na magunia aliyoyabadilisha kila yalipopata unyevu. Na siku za jalidi kibanda kilibaki kitupu, maana Afande alilala jikoni. Kubweka hakusahau. Alibweka miaka tisa zaidi, majirani wakachoka.

Bibi alipofika hapo akaona kiti cha Lutengano kiko wazi, na koti halipo tena msumarini.

Babu Yeremia alikuwa ameinama kitaluni akitandaza nyasi, shati limelowa mabegani.

"Lirudishe, mjukuu wangu," alisema alipoliona koti. "Mimi nimezaliwa kwenye baridi hii."

"Manyoya si blanketi, Babu."

Mzee akaacha nyasi. Akakitazama kibanda cha zamani kando ya mlango wa nyumba. Kisha akanyoosha mkono mmoja uingie kwenye koti, na wa pili akauinua kwenye paji la uso kwa saluti.

"Sawa, Afande," alisema. "Manyoya si blanketi."