Kwa Nini Kicheko cha Mtoto Mchanga Hutafutwa

Sogeeni hapa, mnipe huyo mtoto nimpakate, maana habari hii haisimuliki vizuri mikono ikiwa mitupu. Mama yake anasema amechoka kumchekesha. Tangu amzae anamwimbia na kumsemesha, na mtoto anatazama dari tu kama mgeni asiyejua lugha ya mji. Simlaumu. Lakini haikuwa hivi tangu mwanzo, na aliyesababisha ikawa hivi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi na alimpenda mwanawe. Hilo mlishike kabla sijamtaja.

Hapo kale watoto hawakuzaliwa wakilia. Walitoka wakicheka. Mkunga alimsikia mtoto akicheka hata kabla kitovu hakijakatwa, na waliokaa uani wakisubiri walijua kwa kicheko hicho kwamba nyumba imepata mtu. Mtoto wa siku ile ile alimtazama mama yake machoni, akamnyooshea vidole, akamwita mchezoni. Hakuna aliyefundishwa namna ya kumchezea mtoto. Mtoto ndiye aliyeanzisha, mzazi akafuata. Tena kicheko hicho hakikuwa cha mtoto mmoja. Kilikuwa kimoja kwa watoto wote, kama moto ambao majirani huombana asubuhi, na watu walikizoea kiasi kwamba hakuna aliyekifikiria.

Wakati huo, katika kijiji kimoja cha milimani kule Upare, aliishi mfinyanzi aitwaye Nakunda. Vyungu vyake vilikuwa vyembamba na vigumu, na ukivigonga kwa kidole vililia kama kengele. Alikaa miaka mingi na mumewe Mrindoko bila kupata mtoto, mpaka ndugu wa mume wakaanza kunong'ona. Mwishowe akazaa binti. Wakamwita Nakijwa. Mtoto alitoka akicheka kwa sauti, na Nakunda alilia kwa furaha mpaka mkunga akamwambia anyamaze, anamtia mtoto mashaka.

Siku zile za mwanzo walicheza bila kuchoka. Nakijwa alishika pua ya mama yake, mama akajifanya imeng'oka. Mtoto alicheka, akaishika tena. Bibi yake mzaa baba, Nanzia, aliwatazama akiwa jikoni, naye akacheka peke yake.

Kisha wakaja watu kutoka bondeni. Mtawala wa huko alikuwa anaoa, na alitaka vyungu vyote vya karamu, vikubwa kwa vidogo, vifinyangwe na Nakunda peke yake. Hakuna mfinyanzi wa milimani aliyewahi kupewa heshima hiyo. Nakunda aliyakumbuka manong'ono ya miaka yote ile, akaitikia kabla wajumbe hawajamaliza kusema.

Alianza kazi asubuhi iliyofuata. Alimlaza Nakijwa kapuni karibu yake, akakanda udongo. Mtoto alimwona, akacheka, akamnyooshea vidole. Nakunda alitabasamu.

"Subiri kidogo, mwanangu. Nimalize hiki."

Akamaliza, akaanza kingine. Mtoto alicheka tena. Mkono wa Nakunda ulitetereka, na mdomo wa chungu ukapinda. Akakibomoa, akaanza upya, na mtoto akacheka mara nyingine. Kicheko chake kilikuwa kitamu mno, na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu Nakunda hakuweza kukisikia bila kugeuka. Basi akainuka, akaligeuza lile kapu, uso wa mtoto ukaelekea ukutani.

Nanzia alipopita na maji alisimama. "Mkwe wangu, mtoto anakuita."

"Namsikia, mama. Hana njaa wala hajalowa. Anataka mchezo tu."

"Ndiyo anachokuitia."

"Nitacheza naye vyungu vikiisha. Huyu hana pa kwenda."

Nanzia akaenda zake na maji, maana alijua jinsi mwanamke huyu alivyosemwa. Mrindoko naye aliporudi kutoka shambani alimkuta mwanawe akitazama ukuta. Aliona, akanawa mikono, akauliza kama chakula kiko tayari.

Ikawa hivyo kila siku. Nakunda alimnyonyesha mtoto macho yakiwa kwenye udongo, akamwogesha haraka haraka, akamrudisha kapuni. Mwanzoni Nakijwa aliuchekea ukuta, akidhani utamjibu. Baadaye alicheka kidogo tu, asubuhi. Kisha kapu likawa kimya, na Nakunda alifurahi, akasema mtoto ameanza kuwa na adabu.

Vyungu vilichomwa, wala hakikupasuka hata kimoja. Wapagazi walipoviteremsha bondeni, Nakunda alinawa udongo mikononi, akalikimbilia kapu, akaligeuza.

"Haya, mama yako amemaliza! Njoo sasa!"

Nakijwa alimtazama kama alivyoutazama ukuta. Nakunda alimpa pua yake aishike, na vidole vya mtoto vikabaki vimelegea. Akamwita jina, akamtikisa kidogo, akamwita tena. Mtoto hakuwa na homa, na alinyonya vizuri. Uso wake ndio uliokuwa umefungwa.

Jirani yao Nambua alikuwa mjamzito, na siku ile ile uchungu ulimshika. Wanawake walikusanyika uani wakisubiri kicheko. Kilichotoka ndani kilikuwa sauti ambayo hawajawahi kuisikia kwa mtoto mchanga: kilio kikali, cha mtu aliyetupwa mahali asipopajua. Mkunga alitoka nje, akasema hajui amekosea wapi. Na mtoto aliyezaliwa baada ya huyo alilia, na wa nyumba ya tatu alilia, na habari zikaja kutoka vijiji vya mbali kwamba huko nako watoto wanalia.

Watu wakaulizana kicheko kimezimikia nyumba gani. Mtoto wa Nakunda alipoletwa mbele yao, wakaona.

"Umemfanya nini?" Nambua aliuliza, kichanga chake kikilia mgongoni.

"Nilimwambia asubiri," Nakunda akajibu.

Wengine walitaka afukuzwe. Nanzia ndiye aliyesimama, akasema wote walipita mlangoni mwa nyumba ile wakaliona lile kapu, naye mwenyewe aliliona zaidi ya wote. Wakaondoka mmoja mmoja bila kuagana.

Tangu hapo Nakunda hakugusa udongo. Alimbeba Nakijwa kutwa nzima, akamsimulia kila alichokifanya: sasa nawasha moto, sasa namenya ndizi. Alimpigia makofi na kumtekenya nyayo, akaiga sauti za kuku na mbuzi. Mrindoko alijifunza kumrusha juu na kumdaka, akiogopa kila mara. Mtoto alirushwa, akadakwa, akatazama pembeni. Mvua zikaja zikaenda. Meno yakaota, na bado.

Siku moja mchana, Nakunda akiwa amemweka mtoto mapajani, alichoka. Aliufunika uso kwa viganja vyote viwili, akalia kwa aibu, mwanawe asimwone. Alilia muda. Ndipo akasikia sauti ndogo, kama ya mtu anayeuliza jambo. Akafungua viganja.

Nakijwa alikuwa anamtafuta. Macho yake yalikuwa yamekaza pale uso ulipokuwa, yamejaa hofu. Alipouona uso umerudi, umelowa machozi, midomo yake ilitetemeka, kisha akacheka. Kilikuwa kicheko chepesi, kikakatika upesi.

"Jifiche tena," Nanzia alinong'ona toka mlangoni. "Jifiche, halafu urudi. Usikawie."

Nakunda akajificha, akarudi. Mtoto akacheka. Akajificha, akarudi. Habari zikaenda nyumba hadi nyumba, na wanawake wakaja kujifunza, Nambua wa kwanza. Alijifunza viganja na makofi na sauti za mbuzi, na baada ya wiki nyingi kichanga chake nacho kikacheka. Siku ile alileta maziwa kwa Nakunda, akayaweka mlangoni. Hakuingia.

Nakijwa alikua, akawa binti mwenye maneno mengi. Alipokuwa anakaribia kujifungua yeye mwenyewe, mama yake alimuuliza swali alilolibeba miaka yote.

"Hivi unakumbuka chochote cha uchanga wako? Ule ukuta?"

"Ukuta gani, mama?"

Nakunda akasema si kitu. Hakujua kama ashukuru. Mtoto hakuukumbuka ukuta, lakini hakukumbuka pia ile pua iliyojifanya kung'oka, wala siku zile chache za kicheko cha kwanza, cha bure.

Uchungu ulipomshika Nakijwa, Nakunda alikaa uani na wenzake. Alitumaini. Hakumwambia mtu, lakini kila mtu aliona jinsi alivyotega sikio. Mtoto akatoka, akalia. Nakunda aliinuka polepole, akaingia ndani, akampakata mjukuu wake mapajani, akaufunika uso wake mwenyewe kwa viganja.

Ndiyo maana mpaka leo mtoto huzaliwa akilia, na kicheko chake hutafutwa. Hakiji siku ya kwanza wala wiki ya kwanza. Hutafutwa kwa kuimba, kwa kumsemesha anapoogeshwa na kumpigia makofi, na kila mzazi hujificha uso akarudi, hata kama hakuna aliyemfundisha. Ukicheza mchezo huo, mtazame mtoto vizuri. Kabla hajacheka hunyamaza kwanza, macho yakitafuta, kama anayehofia kwamba safari hii hutarudi. Nakunda aliuona ukimya huo kwa kila mjukuu, mpaka alipozeeka, na hakuuzoea. Wanasema kila mara alifungua viganja upesi mno, mchezo ukaharibika, akaomba radhi, akaanza tena.