Mahali Hapakutajwa

Wapendwa, shikeni pua zenu kidogo. Hata wewe mzee wa kanisa, shika tu, hakuna anayekucheka. Sasa pelekeni vidole pole pole mpaka shavuni, kisha juu ya nyusi. Ndani ya mifupa hiyo Mungu ameweka vyumba vidogo vya hewa, vya kulia na vya kushoto. Madaktari wanaviita sainasi. Vikiwa wazi huvikumbuki. Vikiziba, dunia inakwenda mbali nawe, sauti za watu zinakujia kama umezama majini, na chai ya asubuhi haina harufu.

Palikuwa na karani mmoja, mama wa makamo, katika hospitali fulani ya milimani, kule ambako ukungu huingia mpaka wodini bila kubisha hodi. Kazi yake ilikuwa kugeuza maneno ya daktari kuwa namba. Daktari akiandika kwamba chumba cha shavu kimeziba, kina namba yake. Cha paji la uso, namba nyingine. Kulia nyingine, kushoto nyingine. Upasuaji nao una namba yake, na isipopatana na namba ya ugonjwa, watu wa bima hurudisha fomu na mgonjwa hurudi nyumbani na kichwa chake kile kile.

Sasa, daktari akisahau kutaja chumba, utaratibu unasema karani ainuke, aende akamwulize. Lakini daktari yule alikuwa mkali kama pilipili kichaa, nani amwendee? Na kitabu cha namba kina mlango wa uani. Kuna namba moja ambayo maana yake ni "mahali hapakutajwa." Karani akaizoea. Akawa anaiandika huku anakunywa chai yake.

Mama huyu alikuwa na dada mkubwa, na tangu mama yao afariki walikuwa hawasemezani. Kila Krismasi alimtumia ujumbe: "Dada, kama kuna mahali nimekukosea, nisamehe." Dada hakujibu. Basi akawa anawaambia watu, "Mimi nimeshaomba msamaha. Moyo wake mgumu, namwachia Mungu." Mnayajua maneno hayo? Naona mmeanza kutazamana.

Mwaka mmoja pua ya karani mwenyewe ikaziba, ikakataa kuzibuka. Uso ukawa mzito, jicho likavimba. Daktari akakuta chumba cha shavu la kushoto kimejaa usaha, akataka apasuliwe upesi kabla jicho halijaharibika. Upasuaji akauandika vizuri: shavu la kushoto. Ugonjwa akauandika kwa haraka: sainasi imeziba. Faili likaenda kwa mwenzake karani wa meza ya pili, ambaye kazi alifundishwa na mama huyu huyu. Mwenzake akaandika vile alivyofundishwa. Watu wa bima wakarudisha: "Mnaomba kupasua shavu la kushoto, lakini ugonjwa wenu hauna mahali. Tajeni."

Mama yule akaketi kwenye benchi la korido, ameikumbatia ile fomu, homa imempanda. Mchana kweupe, dawa zikamlevya, akasinzia.

Akaota anatembea katika nyumba ndefu yenye mwanga hafifu, ukungu unatambaa sakafuni, miguu yake haitoi sauti. Milango kulia, milango kushoto, yote imefungwa. Akajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba yumo ndani ya uso wake mwenyewe. Mbele yake akasimama bibi mmoja mwenye funguo kiunoni.

"Nikufungulie wapi, mjukuu wangu?"

"Popote tu, bibi. Fungua vyote."

"Popote hapana mlango," bibi akasema kwa upole. "Taja."

Akanyoosha mkono kuelekea kushoto, akasita. Nyuma ya mlango ule mtu alikuwa anapumua kwa shida, na pumzi ile aliitambua. Ilikuwa ya mama yake, ile ya siku ya mwisho. Na huku nje, chini ya kitasa, alikuwa ameketi dada yake na mkoba wa safari mapajani, anangoja kufunguliwa.

Karani akaanza kulia usingizini. Akataja. Neno lilipomtoka, mlango ukafunguka taratibu, na hewa baridi ya asubuhi ikapita.

Akaamka. Mnadhani alikimbilia kwa daktari? Alichukua simu.

"Dada, ni mimi. Mama alipozidiwa nilitakiwa nikupigie, nami sikupiga. Nilitaka afie mikononi mwangu mimi peke yangu. Alikuwa anakutaja, nami nikanyamaza. Kisha msibani nikawaambia watu kwamba uliitwa, ukakataa."

Dada akauliza neno moja tu:

"Alinitaja?"

"Alikutaja mpaka mwisho, Dada."

"Mdogo wangu," dada akasema, "miaka yote hii nimelala nikijua mama alikufa amenikasirikia."

Daktari aliulizwa, akataja, namba zikapatana, mama akapasuliwa. Siku walipomtoa pamba puani, dada yake alikuwa kando ya kitanda. Harufu ya kwanza iliyomrudia ilikuwa moshi wa kuni katika kanga ya dada yake. Ilikuwa harufu ya jiko la mama yao.

Na sisi je? Kila Jumapili tunapiga magoti hapa na kusema, Bwana, tusamehe dhambi zetu zote. Zipi? Tunainuka, tunakung'uta vumbi magotini, tunakwenda kula wali. Kwa majirani zetu tunasema, kama kuna mahali nimekukosea. Kama! Wewe hupajui hapo mahali? Unapajua kuliko chumba chako cha kulala.

Utaniambia, Mchungaji, Mungu anajua yote. Ni kweli, Mungu alijua. Dada ndiye hakujua. Msamaha aliotumiwa kila Krismasi ulimpita mlangoni, na lile neno la mama yake, ambalo lingempa usingizi, lilikuwa limefungiwa ndani na huyo huyo aliyekuwa anaomba msamaha. Halafu tukasema dada ana moyo mgumu!

Najua simu mnazo, maana zililia wakati wa somo la kwanza. Leo sitaki tuimbe bado. Mwenye mtu wake na atoke nje ampigie, amwambie ni wapi. Sisi tutakaa hapa kimya, tutawangoja.